Moto Uliokula Matandazo Yako

Anyango nyathina, mwanangu,

Wewe na Baba yako mmeondoka sasa hivi kwenda Kisumu kununua sanduku na kufuli, na mimi nimekaa mezani na daftari lako la zamani la hesabu. Nimepata kurasa kadhaa nyuma ambazo hukuziandika. Mtarudi jioni. Kesho asubuhi unapanda gari la Nakuru kwenda kusomea uuguzi, na kuna jambo ambalo lazima ulijue ukiwa bado ndani ya nyumba hii.

Habari za baridi ya Nakuru, za kuficha unga wako, za kutoazima watu nguo za ndani, nimezisema wiki nzima mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Hizo naziacha. Hili lingine ningelisema kwa mdomo, lakini unanijua. Mimi nikianza na pole huwa namaliza na makelele, na wewe ukishasikia makelele unatoka nje kwenda kulisha kuku. Karatasi angalau haipandishi sauti.

Jana ulikuwa ukipiga pasi huku ukihesabu nyumba utakazopita kuaga. Ulianza na pasta, ukaja kwa mwalimu wako wa shule ya msingi, ukamaliza na wasichana wa kwaya. Nikakuuliza, "Na Mama Ouma?" Yeye ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ua tu ndio uko katikati, na hukumtaja. Hukunyanyua hata macho. Ulisema, "Huyo nilimsamehe kitambo, Mama. Lakini kwake siendi."

Nikatoka nje kama mtu anayeanua nguo, na kambani hakukuwa na nguo. Anyango, Mama Ouma hana kosa la kusamehewa. Ule moto uliochoma matandazo yako ya shambani ukiwa kidato cha pili, niliuwasha mimi. Kwa mkono wangu, kwa kibiriti cha jikoni kwangu. Miaka mitatu nimekuacha uamini kwamba ulitoka upande wake.

Basi nimeshasema. Nitakueleza ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Ninachoogopa ni kimoja. Naogopa utanisamehe kama ulivyomsamehe Mama Ouma, halafu na kwangu usije.

Unajua mimi ni mtu wa Manyatta, kule Kisumu mjini. Nilizaliwa kule, nikakulia kule, na kabla Baba yako hajanioa udongo niliokuwa naujua ni ule wa kupanguswa kwenye viatu. Aliponileta hapa Kisian, dani yako, mama yake, aliniangalia mikono kabla hajaniangalia uso. Msimu wa kwanza alinipa jembe nipalilie mistari ya karibu na jikoni. Nikapalilia kwa bidii mpaka mchana, nikamwita aone. Nilikuwa nimeng'oa osuga yake yote, ile mboga iliyojiotea kati ya mahindi na aliyokuwa ameiacha kwa makusudi. Siku hiyo tulikula ugali kwa chumvi na maji, na kufikia Jumapili hadithi ilikuwa imefika kanisani kabla yangu. Waliniita nyar taun, msichana wa mjini, na walicheka mpaka wakashika mbavu.

Nikaapa hakuna atakayenicheka tena kwa sababu ya shamba. Na kweli hawakunicheka. Nilipalilia mara mbili, nikapalilia mara tatu, nikaokota hata nyasi ya kidole. Kati ya mistari yangu ungeweza kuangusha sindano na kuiona. Watu wakipita kwenda ziwani walikuwa wanasimama, na dani yako akaanza kuniita mke wa mwanangu mbele za watu. Hutaelewa utamu wa neno hilo mpaka umewahi kuwa mgeni mahali. Hapa kwetu mwanamke hupimwa kwa usafi wa mistari yake, na mimi nilikuwa nimeufaulu mtihani wao.

Lakini usafi ule ulikuwa na mikono miwili zaidi, na hiyo ilikuwa yako. Toka darasa la sita, mahindi yakifika urefu wa goti, Ijumaa hukuwa ukienda shule. Ulikuwa unashika jembe nami. Ijumaa kulikuwa na hesabu mara mbili, na mimi nilijua, maana uliniambia. Mwalimu wako aliniita mara moja akaniuliza, "Mama, huyu mtoto huwa anaumwa kila Ijumaa?" Nikamwambia una tatizo la tumbo. Nilisema bila hata kupepesa macho. Ulipofika kidato cha kwanza ukawa unashika mkia kwa hesabu, nikakugombeza kwamba huna bidii. Daftari hili ninaloliandikia limejaa alama nyekundu, na kila nikifungua ukurasa naona Ijumaa zangu. Kwa hizo, mwanangu, pole. Nimekuwa nikitaka kulisema hilo hata kabla ya hili la moto.

Halafu ukaenda kwa shangazi yako Sondu likizo ya Desemba, na ukarudi umebadilika kabisa. Hujavua viatu ukaanza. Kuna mama kule jirani na shangazi ambaye hapalilii. Anafunika udongo kati ya mistari kwa vitu vikavu, nyasi, mabua, majani, unene wa kiganja, na magugu yakikosa mwanga yanafia huko chini. Umande haukauki haraka. Udongo unakuwa laini. Ukaniambia ulitia mkono chini ya matandazo yake saa nane mchana, jua likiwa kali, na kulikuwa baridi. Mimi nikakuuliza kama huko Sondu walikupa chakula cha kutosha.

Hukunisikiliza, na leo namshukuru Mungu kwamba hukunisikiliza. Januari nzima, ukitoka shule, ulikuwa unakata mabua na kuyalaza. Ulikuwa unaenda ziwani na panga, unakata magugumaji, unaacha mizizi, unaanika kwenye mawe yale ya kufulia mpaka yakauke yawe mepesi kama magazeti. Ulikata na maua makech, yale ya njano machungu ya kando ya barabara. Njia yote kutoka ziwani ulipita na karai kichwani, na wanaume waliokuwa wakishona nyavu walikuwa wanakuuliza, "Sasa nyinyi magugu yenu ya shamba imekwisha, mnachukua ya ziwa?" Nilisikia aibu mpaka nikabadilisha njia ya kwenda posho mill kusaga unga.

Na kulikuwa na hili la ng'ombe, ambalo lilinisaidia kudanganya baadaye. Unajua desturi yetu, mahindi yakishavunwa, shamba linakuwa la wote. Ng'ombe wa jirani wanaingia wanakula mabua na hakuna wa kuuliza. Ng'ombe wa Mama Ouma walikuwa wakila ya kwetu toka kabla hujazaliwa. Mwaka ule ukamwomba, kwa adabu nzuri tu, asiwafungulie. Alikubali, lakini alinung'unika. Alisema, "Sawa, mama, lakini ng'ombe yangu watakula nini, Biblia?" Wewe ukacheka. Mimi nikaiweka ile sentensi mahali.

Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kilikuwa kinazunguka nyumba kwa nyumba, na zamu yetu iliangukia Jumamosi moja ya Februari. Ijumaa nimefagia, nimepaka kuta za jikoni udongo, nimetoka kuangalia boma langu kwa macho ya mgeni. Na kitu cha kwanza nilichokiona ni shamba lako. Rundo kubwa kando ya njia, na kutoka hapo mpaka chini vitu vya kahawia vimetapakaa, magugumaji yanayonuka samaki kidogo, mabua yamelala huku na huku. Nikasikia vicheko vya osuga upya masikioni, miaka ishirini baadaye. Nikasema kesho watapita hapa wote, na watasema nyar taun amerudi kuwa nyar taun.

Mama Ouma alikuwa anachoma takataka shambani kwake tangu saa sita. Niliona moshi wake. Nikajiambia, moshi mmoja au miwili, nani atajua. Nilikusudia rundo lile la kando ya njia tu, hiyo ni kweli ya Mungu. Nikainama nikawasha. Sikukumbuka kwamba saa nane upepo wa ziwa unaanza kupanda. Mtu aliyekaa hapa miaka ishirini na kusahau upepo wa saa nane, huyo hakusahau, alikuwa hataki kukumbuka. Moto ulitoka kwenye rundo ukapita shamba zima ukija nyumbani. Nikapiga yowe. Aliyekuja wa kwanza ni Mama Ouma, ameruka ua na ndoo ya maji ya mbuzi, na tulipiga moto kwa matawi mpaka ukafia pale kwenye mgomba. Nywele zake za mbele zilikuwa zimeungua. Akaniangalia, akaangalia shamba, akasema, "Haya, nyumba imebaki," akachukua ndoo yake akaenda kunawa. Hakuniuliza chochote.

Ulirudi saa kumi na moja na sare ya shule. Ulisimama pale njiani na mkoba mgongoni. Jioni zako zote za wiki sita zilikuwa jivu, na upepo ulikuwa unalichukua. Hukulia. Uliuliza tu, "Ni nani?"

Na mimi nikasema, "Ni upepo. Mama Ouma alikuwa anachoma kule kwake."

Hebu liangalie hilo jibu. Upepo ulikuwepo. Mama Ouma alikuwa anachoma. Hakuna neno la uongo hapo, na nilijivunia kidogo, naona haya kuliandika lakini nilijivunia, kwamba sikusema uongo. Nilikuwekea tu vitu viwili vya kweli karibu karibu, nikakuacha uviunganishe. Na wewe ukakumbuka maneno ya ng'ombe.

Jumapili nje ya kanisa Mama Ouma alikunyooshea mkono kama kawaida. Wewe, mtoto ambaye hata mlevi wa barabarani unamwamkia, uliweka mikono nyuma. Ulisema mbele ya watu, "Ng'ombe zako zilikosa mabua, ndiyo ukaona tukose wote?" Mkono wake ulibaki hewani. Halafu akaniangalia mimi. Na mimi, Anyango, nilikuwa natafuta kitu ndani ya mkoba. Nilikitafuta kile kitu, na mpaka leo sikumbuki kilikuwa nini.

Huyo ni mama aliyekubeba mgongoni. Nilipokuzaa nilikuwa sina maziwa siku tatu, na yeye alikuwa ananyonyesha Ouma wake, akakuchukua. Hukuwahi kuambiwa hilo pia. Na baada ya moto ungeambiwa lini, wakati nilikuwa nahitaji umchukie?

Sasa nikuambie kwa nini nakushukuru, maana nimelia vya kutosha na wino umesambaa ukurasa wa nyuma. Mtu mwingine angeacha. Kulikuwa kumebaki kama majuma mawili mvua inyeshe, na wewe Jumatatu ulichukua karai ukaenda tena ziwani. Ulipata ya kufunika sehemu ya chini tu, theluthi moja hivi. Tukapanda pote. Mimi nikapalilia juu kwa jembe kama kawaida yangu, na huko chini nikasema sikanyagi.

Mara ya pili ya kupalilia ndiyo ilinishinda. Mgongo ulikuwa unauma, magugu yalikuwa yamerudi yote baada ya mvua ya siku tatu, na kayongo lilikuwa limeanza kutoa maua yake ya zambarau, lile gugu linalonyonya mahindi mizizi mpaka yanabaki wima yamekauka. Nikashuka chini kwako, nikitaka nione angalau nawe umeshindwa. Nilitembea mstari mzima. Nilikuwa naona mahindi na matandazo, basi. Hapa na pale jani moja limejipenyeza, unalivuta kwa vidole viwili linatoka na mizizi yake yote. Kayongo halikuisha, sitaki kukupa sifa za bure, lakini lilikuwa la kuhesabika. Nikapiga magoti, nikatia mkono chini, saa nane mchana. Kulikuwa baridi. Nilikaa pale chini muda mrefu, Anyango, na mkono wangu umefunikwa na yale niliyokuwa nimeyaita takataka, na hapo ndipo ningekwambia. Ulikuwa jikoni unapika vidagaa vya omena. Nilikuja mpaka mlangoni. Nikasema, "Punguza chumvi," nikarudi.

Msimu uliofuata tulifunika shamba lote, na tangu hapo hukukosa Ijumaa hata moja. Nisikilize vizuri hapa. Hilo hukupewa na mimi. Ulijipa mwenyewe, na ukanipa na mimi mgongo wangu. Ulipanda kutoka mkiani mpaka ukapata alama za kukupeleka chuo, na nilisimama kanisani kushukuru nikasema ni maombi yangu. Maombi nilifanya, ndiyo, lakini yalikuwa mabua na gugumaji pia, na mtoto mmoja mkaidi.

Na uliniacha nijifunze kwa ujinga wangu bila kunicheka sana. Unakumbuka nilivyotaka kukuonyesha naweza mwenyewe, nikaleta gugumaji bichi, limelowa, nikalibananisha na mashina ya mahindi? Mistari miwili ikaoza shingo, na kule chini panapotuama maji likaanza kuchipua majani mapya. Baba yako aliporudi Jumamosi kutoka gereji yake ya pikipiki Manyatta aliuliza kama sasa tunafuga ziwa nyumbani. Wewe hukusema kitu. Ulilitoa, ukalianika, ukanionyesha kwa kiganja nafasi ya kuacha kuzunguka shina. Kuna na zile nyasi nilizokata zikiwa na mbegu, nikazitandaza kwa madaha, zikaota zote. Wewe ulisema tu, "Mama, kabla hazijatoa maua." Nilikuwa nakugombeza kwa makosa madogo kuliko hayo.

Kuna kitu kimoja zaidi. Mwaka juzi nilipofanyiwa upasuaji wa mgongo, nililala hospitali siku tisa, na nawe shule ilikuwa imewaweka bweni kwa mtihani. Niliporudi mahindi yalikuwa yameshatoka, na shamba lote lilikuwa limefunikwa vizuri, nafasi ya kiganja kwenye kila shina. Ulidhani Baba yako alilipa watu. Nami nikakuacha udhani. Lakini nilipoinama polepole kuangalia, niliona mabua ya mtama. Hapa kuna nyumba moja tu inayopanda mtama, na ina ng'ombe ambao mwaka ule walikula nini, sijui.

Nilijua, Anyango. Nilitembea na ule mgongo wa nyuzi mpaka kwenye ua, nikamwita mke mwenza, kama majirani tunavyoitana: "Nyieka, ero kamano." Akajibu kutoka jikoni kwake, "Pona kwanza." Nikarudi kulala. Nilikuwa na nafasi ya kusema mambo yote pale, na nilichosema ni asante peke yake. Ndiyo maana siwezi kukwambia kwamba nilinyamaza kwa hofu ya siku moja. Nilinyamaza kila asubuhi, kwa miaka mitatu, nikijua. Kila mwezi ulivyozidi kupita ndivyo nilivyoona nimechelewa, na kuchelewa nako kukawa sababu.

Leo baada ya kanisa sikuja nyumbani moja kwa moja. Nilikwambia ninapita kwa mgonjwa. Nilipita kwa Mama Ouma. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ghala anapepeta omena, nikakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

Nikasema, "Nyieka, ile moto ya shamba yangu. Ni mimi niliwasha."

Hakusimamisha ungo. Alisema, "Najua."

"Unajua?"

"Si nilikuwa hapo kwa ua. Nilikuona umeinama na kibiriti, nikasema, huyu sasa anafanya nini na hii upepo? Hata sijamaliza kufikiria, umeanza kupiga nduru."

"Na hukuniambia kitu? Hata siku ile kanisani?"

Hapo ndipo aliweka ungo chini. "Ningeambia nani? Mtoto? Huyo mtoto akinikasirikia mimi, anapita tu hapa kama mlingoti, anaenda kwao analala. Akikukasirikia wewe, ataenda kulala wapi?"

Nikamwambia asante, na akanikatiza. Usidhani alikuwa mpole, maana hakuwa.

"Usinishukuru. Iliniuma. Kila siku anapita na karai hapo njiani, mimi niko hapa, anaangalia mbele. Huyu nilimnyonyesha. Nilingoja wewe useme. Nikasema akimaliza mtihani mama yake atamwambia. Akamaliza. Nikasema akiitwa chuo. Akaitwa. Umechelewa, Mama Anyango. Umechelewa vibaya sana."

Nikasema ndiyo. Baadaye akaanza kupepeta tena, akaniuliza unaondoka saa ngapi, nani anakupeleka stendi, una blanketi zito. Nikamwambia nitakuandikia yote usiku huu uondoke nayo. Akanikata jicho. "Umwandikie ndio asome akiwa Nakuru, peke yake kwa watu? Mambo yako yote unapenda kufanya watu wakiwa hawapo."

Alinikamata hapo. Ilikuwa ndiyo mipango yangu. Ningeikunja karatasi hii niifiche chini ya sare zako, uikute Jumanne, na mimi niwe huku mbali na uso wako. Kwa hiyo nimebadilisha. Mkifika tu, kabla hujavua viatu, kabla Baba yako hajaanza kunionyesha kufuli, nitakupa barua hii mkononi. Naye nitamwambia mwenyewe, yeye pia hajui. Nitakaa hapa mezani wakati unaisoma. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie leo nikikuona. Nipigie kelele, nimekufundisha jinsi ya kuzipiga. Sitatoka nje kulisha kuku.

Huko unakokwenda utakuwa na wagonjwa mikononi mwako, na siku moja utakosea kitu, kwa sababu ni lazima. Sina la kukufundisha kuhusu dawa. Ninachojua ni kwamba siku ile ya kwanza, njiani, ukiwa na sare yako, ilikuwa inahitaji maneno mawili tu, "Ni mimi." Leo imenichukua kurasa saba.

Shamba usiliwazie. Mabua yamelala, maua makech nimekata, mvua ikija niko tayari, na safari hii nitatandaza peke yangu bila mtu kukosa shule. Hicho ndicho nilichokuwa nacho cha kukupa kesho kuondoka nacho, na hata hicho ulinipa wewe kwanza. Nakushukuru kwa kila karai, mwanangu. Nakushukuru zaidi kwa zile za baada ya moto.

Nasikia pikipiki inakunja kona ya kanisa, nadhani ni nyinyi. Ukimaliza kusoma bado kutakuwa na mwanga. Mama Ouma yuko nyumbani. Amesema hataki hotuba na hataki uombe radhi mbele ya mtu, anataka umpe mkono, halafu ule, maana amekupikia. Nenda kupitia pale penye pengo kwenye ua. Mimi sitakuja nawe. Nimeshakaa katikati yenu miaka mitatu.

Mama yako